Mishale Iliyoandika Herufi

Ofisini walimwita Mkato, kwa sababu hakuna njia ndefu aliyowahi kuipita bila kuilaani. Kazi yake ilikuwa kuandika programu, naye alikuwa wa wale wanaoshinda kwenye kidirisha cheusi chenye herufi tupu, hawagusi kipanya hata kwa dawa. "Panya mahali pake ghalani," aliwaambia wenzake, nao wakatabasamu kwa adabu na kuendelea kubofya.

Jumatatu alikerwa na jambo dogo. Kila akitafuta neno, kihariri chake, programu anayoandikia, kililipaka rangi ya manjano, na rangi haikuondoka mpaka aandike amri. Akaongeza mstari mmoja kwenye mipangilio: akibonyeza kitufe cha Esc, rangi ifutike. Kichwa kikamvimba.

Kisha akabonyeza kitufe cha mshale wa kupanda. Badala ya kupanda, mstari mpya ukafunguka na herufi A ikakaa humo. Akabonyeza wa kushuka: B.

"Nani kamwaga chai kwenye kibodi yangu?" akauliza, macho kwa dada wa meza ya jirani, mwandishi wa programu kama yeye, ila bila makelele.

"Chai yangu iko tumboni," dada akajibu.

Mkato hakuridhika. Akapeleka mashtaka kwa bosi. Bosi akapiga marufuku vikombe chumba kizima na kumpa kibodi mpya. Kibodi mpya ikaandika A na B kwa ulaini zaidi kuliko ile ya zamani.

Alhamisi wateja wakaja kuonyeshwa kazi. Mkato alijiapiza hatagusa mishale, lakini mkono una mazoea yake. Kwenye skrini kubwa ya ukutani, mbele ya wageni, ukurasa ukajaa A, B, A.

"Hii ndiyo programu yenyewe?" mteja mmoja akauliza kwa upole. Bosi akakohoa.

Walipoondoka, dada akavuta kiti. "Imeanza lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu ulibadilisha nini?"

"Si kitu. Esc tu."

Dada akashusha pumzi. "Ndugu yangu, mshale hautumi alama moja. Unatuma tatu zikifuatana, na ya kwanza ni Esc yenyewe. Wewe umeidaka mlangoni ukaipa kazi nyingine. Zilizobaki zikaingia kama amri zako: O, ambayo kwenye kihariri chako maana yake fungua mstari, kisha A au B, ikaandikwa humo."

Masikio ya Mkato yakawaka moto. Akaufuta ule mstari wake kwenye mipangilio, na mishale ikapanda na kushuka kwa utii.

"Nilishaanza kuhisi hivyo," akasema.

"Na ile chai?"

"Chai gani?"

Kesho yake wafanyakazi wote walipata barua pepe ndefu: "Hatari za Kubadili Esc: Uchunguzi Wangu". Bosi akamsifu kikaoni na kumwagiza awafundishe wafanyakazi wapya. Dada alipoulizwa kama ana la kuongeza, alimtazama Mkato, akasema hana. Mkato alikwepa macho yake, lakini si kwa muda mrefu. Kufikia mchana alikuwa amekwisha kuamini kwamba aligundua chanzo peke yake, akala chakula chake kwa hamu.