Mgongo Ulioishia Wodini

Ngo, ngo, ngo. Kijiko kiligonga kikombe cha bati, na Yustina alikisikia kuanzia kwenye kona ya mtaa, pale Majengo, kabla hata hajaiona nyumba. Alitaka kukimbia. Mgongo ulikataa.

"Mama anagonga tangu saa ngapi?" alimuuliza mumewe, Luhende, aliyesimama uani akiwa ameupa mlango kisogo.

"Tangu saa saba. Jirani nimemwita, kumbe kaenda sokoni. Mama Agape, ningefanyaje mimi?"

Katika ukoo wa Luhende, Wasukuma wale, mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hata akipita dirishani pake hukohoa kwanza. Mikono iliyozoea kuangusha dume la ng'ombe ilikuwa pale, hatua nne tu kutoka kitanda cha mama mkwe, na haikuwa na kazi. Binti yao Agape alikuwa shule ya bweni. Alibaki Yustina, muuguzi aliyetumikia miaka kumi na tisa katika wodi ya majeruhi.

Ndani, mama yake, Dorotea, alikuwa amelala ubavu uleule aliomlaza asubuhi, shuka limelowa. Kiharusi kilikuwa kimempoozesha upande wa kulia, ulimi kilimwachia.

"Umechelewa, nesi wa watu. Sisi wa nyumbani nasi tupange foleni?"

Yustina alicheka, akapitisha mkono mmoja chini ya bega la mama, mwingine chini ya nyonga, akavuta. Kitu kama umeme kilimshuka kutoka kiunoni hadi kisiginoni. Akaanguka kwa magoti.

Asubuhi ile alikuwa amehamisha wagonjwa sita kutoka kwenye machela kwenda vitandani. Kazi ya watu wanne. Walikuwepo wawili, yeye na muuguzi mwenzake Cecilia, na Cecilia ana mimba ya miezi saba, kwa hiyo alikuwepo mmoja. Miaka yote maumivu aliyafunga kwa kanga chini ya gauni jeupe, akiulizwa anasema ni uchovu tu, maana muuguzi anayelalamikia mgongo huitwa mvivu na watu ambao hawajawahi kuinua hata ndoo. Mgongo wake aliugawa kipande kwa kipande kwa watu asiowajua majina. Leo mama yake aliomba kipande chake, na hakikuwepo.

"Baba Agape! Ingia."

"Asiingie!" Dorotea alipiga kelele. "Nilivyo hivi? Mkwe wangu? Bora nioze!"

"Mama, kidonda cha kulalia kimeshaanza."

Luhende alikohoa mara tatu. Akaingia amejifunga shati machoni, mikono mbele, akipapasa hewa.

"Nielekeze."

"Kushoto. Shuka kidogo. Hapo."

Alimgeuza taratibu, kama anayeshika ndama aliyezaliwa sasa hivi. Yustina akavuta shuka bichi, akatandaza kavu. Luhende akatoka, akajigonga kwenye fremu ya mlango. Uani, mwanamume yule alilia kwa sauti.

Dorotea hakulia. Kwa mkono wake mzima alijifunika shuka mpaka usoni, akabaki hivyo. Uji aliukataa. Maji akayakataa. Jua likashuka.

Yustina aliketi sakafuni, akalishika lile shuka bila kulivuta.

"Mama, nisikie. Kesho naandika barua, naondoka wodini. Wagonjwa wale watafutiwe mwingine wa kuwainua. Nitakugeuza mwenyewe, hata kama ni kwa magoti, na mkwe wako hatauvuka tena mlango huu. Nakuahidi, mama."