Dirisha Jeusi la Selorm

"Kipanya cha kompyuta ni cha watoto wa chekechea, dada," Selorm alizoea kumcheka Dzifa, mwenzake pale kituo cha redio, mjini Ho. Yeye mwenyewe aliiandikia kompyuta amri tu, kwenye madirisha meusi ya skrini yaliyofanana kama mapacha.

Alhamisi aliandika amri ya kufuta kila kitu kwenye kompyuta mbovu. Akabonyeza, ndipo akagundua yuko kwenye dirisha la ghala la sauti, palipohifadhiwa rekodi za kituo. Habari zote alizosoma hewani marehemu mamake Dzifa kwa miaka thelathini zilifutika kabla hajameza mate.

Dzifa akaja na flashi kuchukua sauti ya mamake ya kusikilizwa mazishini. Selorm akamweleza, macho chini.

"Si tufungue pipa la taka la kompyuta, kaka, tuzirudishe?"

"Kwenye dirisha jeusi hakuna pipa."

"Haikukuuliza kwanza kama una hakika?"

"Haiulizi."

Dzifa akairudisha flashi mkobani. "Kipanya cha watoto huuliza."