Kipa Aliyekaa Ndani ya Bitana

Weka kwanza hicho kikombe chini, unijibu hili: nina nyumba haina mlango wala dirisha, ndani wamesimama wanaume kumi na mmoja; hawali, hawalali, hawazeeki, na mtu aliye Ulaya anawaona kabla ya jirani wa ukuta kwa ukuta. Ni nini? Umeshindwa? Basi nipe mji. Kamembe? Nashukuru, nimeupokea pamoja na soko lake. Sasa sikia: ni picha za wachezaji wa mpira zilizotiwa ndani ya kompyuta. Na aliyezitia humo ni Shadia, binti wa Zulaikha fundi cherehani, mwaka wa 2006, vita vya ng'ambo vilipokuwa vimesemwa vimekwisha, halafu vikasemwa havijakwisha, mpaka watu wakaacha kuuliza.

Zamani, nchi ya ng'ambo ilipokuwa bado inaitwa Zaire, kulikuwa na kiwanda cha biskuti kilichotia picha moja ndani ya kila paketi. Ukifungua unamkuta mchezaji amesimama, mikono kiunoni, rangi ya jezi imemwagika nje ya mstari, jina lake chini. Watoto waliwaachia wadogo zao biskuti, wao wakakimbia na picha. Hamdani, mume wa Zulaikha, alianza kuzikusanya akiwa kijana, na hakuacha hata alipoota mvi na kuwa muuza vipuri vya baiskeli. Vita vikaja, watu wakakimbia, watu wakarudi, masufuria yakaibwa; yeye bati lake la picha liko kwapani.

Alikuwa na wachezaji kumi wa timu moja ya Bukavu. Kipa ndiye aliyemshinda. Alimwulizia kwa wachuuzi wa daraja la Rusizi, la kuvukia Bukavu, alimfuata mpaka Nyakabuye kwa mtu aliyesemekana anaye, akarudi na mkungu wa ndizi badala ya kipa. Mauti yakamkuta hajampata.

Baada ya arobaini ya baba yake, Shadia, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la intaneti karibu na kituo cha mabasi, akasema picha hizi zisiozee kwenye bati. Alikuwa anaandikiana na Hugues, mtoto wa Bukavu aishiye Ubelgiji, mgonjwa wa picha hizohizo. Hugues akatengeneza ukurasa, akauita makumbusho. Ulikuwa na vyumba viwili: Chumba cha Zamani, cha picha za biskuti, na Chumba cha Sasa, cha zile picha mpya za chingamu, wachezaji wa Ulaya wanaong'aa kama dagaa wa sambaza waliotoka ziwani sasa hivi. Shadia alizipitisha kwenye skana moja moja, akazituma, na laini ya siku zile ilikuwa inatambaa kwa magoti.

Siku alipofungua bati akahesabu timu ya Bukavu, akahesabu tena. Kumi na mmoja. Kipa yumo: Ntabaza, amekumbatia mpira kifuani, kona moja ya picha imetafunwa.

"Mama, huyu baba alimpata lini?"

"Alimpata," Zulaikha akasema.

"Wapi? Hugues anataka mistari mitatu chini ya kila picha. Jina, timu, na ilipopatikana."

Zulaikha alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wa pini, moja moja.

"Andika sokoni."

Shadia akaandika: Mkusanyiko wa marehemu Hamdani. Ilinunuliwa sokoni Kamembe. Ikakaa hivyo miezi mitatu, watu wa Bukavu waliotawanyika duniani wakaja kutazama na kuacha salamu kwenye kitabu cha wageni, na Zulaikha akaanza kupumua.

Ndipo Jumatatu moja Shadia akapanda mbio kutoka kazini, karatasi mkononi, akasimama mlangoni mwa kibanda cha mama yake, kilichoshikana na nyumba.

"Kuna mtu ameandika, kwa Kiswahili cha Bukavu. Nikusomee?"

"Soma."

"'Hiyo alama ya meno kwenye kona ni yangu, nilikuwa na miaka mbili. Papa hakuachanaka na hii picha hata siku moja. Alitoka nayo nyumbani ile Jumapili alipotea. Mulinunua kwa nani? Nani aliitoa ku mwili wake? Nitakuya Jumatano. Patricie, binti ya Ntabaza.'" Shadia akashusha karatasi. "Mama. Huyu anadhani baba alinunua kitu cha maiti. Au anadhani mengine mabaya zaidi. Na jina la baba liko pale chini, dunia nzima inalisoma."

Zulaikha akakanyaga cherehani. Ikatembea, ikasimama, ikatembea.

"Mama, baba aliinunua kwa nani?"

"Nina kazi ya watu, Shadia."

"Basi nikaifute ile picha?"

Hapo ulimi wa Zulaikha ulishaanza kusema ndiyo. Ifute. Kubofya mara moja tu, na timu irudi kuwa ya watu kumi kama alivyoiacha mwenyewe. Lakini akakumbuka jinsi Hamdani alivyokuwa akizipanga zile kumi juu ya mkeka siku za mvua, na kuacha nafasi tupu golini, na kuitazama. Akasema, "Iache kwanza."

Tangu hapo hakukalika. Alipika wali ukaungua. Alitoka nje kuangalia mvua isiyokuwepo. Siku ya Jumanne, Habineza, dereva wa pikipiki, alikuja kuchukua suruali yake, akaijaribu nyuma ya pazia, akatoka anachechemea kwa makusudi.

"Maman Shadia, hii mifuko umeiziba yote miwili! Nitatia wapi mikono, au unataka nisiwe na kitu cha kutia?"

"Nipe niifumue."

"Wewe unaumwa?"

"Nipe, nimekwambia."

Akaketi kufumua, na kufumua mfuko ndiko kulikomrudisha pale alipokuwa anapakimbia.

Kwa maana hiyo picha Hamdani hakuinunua popote. Ntabaza aliileta mwenyewe bila kujua. Alhamisi moja ya mwaka wa 1998 alivuka kutoka Bukavu, mtu mrefu mwenye vidole vilivyopinda kwa kudaka mipira, siku hizo anauza sabuni za jumla. Alileta koti la kijivu, mfuko wa ndani umechanika. Zulaikha akamwambia Jumamosi. Jumamosi akaja, akakuta kibanda kimejaa magauni ya harusi ya watu wa Gihundwe, koti limelala chini ya rundo, halijaguswa.

"Njoo kesho, Papa Ntabaza."

"Kesho ya fundi ina siku ngapi?" akauliza huku anacheka.

"Hii ni kesho ya Jumapili. Njoo kabla ya adhuhuri."

Na fundi gani hasemi kesho? Mteja huisikia kama salamu, akaitikia, akaenda zake. Jumapili asubuhi Zulaikha alitoa koti chini ya rundo, akafumua bitana ili aufikie mfuko, na hapo ndani, kati ya kitambaa na kitambaa, akamkuta kipa. Alikuwa ameponyokea kwenye ule mpasuko. Kabla hajamaliza kushona, milio ya bunduki ikaanza ng'ambo. Siku ile ndiyo vita vya pili vilipoanza. Adhuhuri ikapita. Koti likatundikwa ukutani likiwa tayari, na karatasi ya jina ikiwa imebanwa kwa pini. Baadaye wachuuzi walipoanza kuvuka tena, mmoja akasema Ntabaza alionekana Jumapili ile akiteremka kuelekea daraja, halafu hakuonekana tena.

Mafundi wa Kamembe wana mwiko mmoja: kilichokutwa mfukoni mwa mteja ni cha mteja, hata kama ni kipande cha muwa. Kwa hiyo aliirudisha picha mfukoni mwa koti, na miaka yote mumewe alipokuwa akimsaka kipa kote Rusizi, kipa alikuwa ametundikwa hatua nne kutoka kitandani kwake. Mara ngapi alitaka kumwambia? Lakini Hamdani angeuliza koti ni la nani, na mwenyewe yuko wapi, na kwa nini hakulichukua. Nguo zote zisizofuatwa aliwapa maskini kila Ramadhani. Hilo hakulitoa. Na siku ya arobaini, nyumba imejaa watu, ndipo alipotoa picha mfukoni akaitia kwenye bati, akasema moyoni, haya mzee, timu yako imetimia. Mwiko akauvunja siku ile, na sasa ulikuwa umekuja kumdai.

Jumatano Patricie alifika saa tisa. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, kitenge cha kijani, viatu vina vumbi la daraja, mrefu kama babaye. Zulaikha alimtambua akiwa bado mbali, akaangusha mkasi, akauokota, akauangusha tena. Shadia alikuwa ameomba ruhusa kazini. Akaleta kiti, akaleta chai.

"Karibu, dada."

"Aksanti. Maman, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mnaendeleaje huko Bukavu?"

"Tuko. Tunashukuru Mungu." Patricie hakugusa chai. "Maman, sikukuya na ubaya. Kama bwana yako alinunua tu, hana kosa. Niko nataka jina ya ule aliuzisha."

"Marehemu hakutaja," Zulaikha akasema.

"Hata sura? Alikuwa askari? Alikuwa muntu wa soko?"

"Mwanangu, ni zamani."

Shadia alikuwa amefungua bati. Akamtoa kipa ndani ya kikaratasi chake, akamwekea Patricie kiganjani. Patricie akapitisha kidole kwenye kona iliyotafunwa. Kisha akaipeleka ile kona mdomoni, akaipima kwenye meno yake ya mbele, kama mtu anayejaribu pete, na akacheka na kulia kwa pamoja.

"Papa alinichapa juu ya hii! Muntu hakunichapaka, ni juu ya hii tu." Akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Maman, nitakuambia kitu. Si mwizi ndiye ananisumbua. Mwizi iko mwizi. Kinanisumbua ni kitu kingine. Ile Jumapili, bunduki zilishaanza kulia kule juu, Mama akamuuliza, 'Unaenda wapi?' Papa akasema, 'Huku Kamembe, ninarudi sasa hivi.' Ni ile tu. Kamembe, siku ya Jumapili, na vita! Hakukuwa sabuni ya kuuzisha, hakukuwa misa. Batu bakaanza kusema alikuwa na bibi mwingine huku. Bakataja na mutaa. Mama alikataa, alikataa, mwisho akaacha kukataa. Amekufa mwaka uliopita na ile neno ndani ya roho."

Zulaikha akasimama. Akaenda dirishani, akarudi. Akashika futi ya kupimia, akaikunja, akaikunjua.

"Mama, kaa," Shadia akasema.

"Nimekaa."

"Umesimama."

Mikono ya Zulaikha ilikuwa inatafuta kazi na haikuiona. Huyu mtoto amekuja kuuliza habari ya mwizi, na neno moja lingelisafisha jina la Hamdani papo hapo. Lakini neno hilohilo lingeweka mtu mwingine mahali pa mwizi, na mtu huyo ameshika futi ya kupimia. Miaka minane amejiambia kwamba bunduki hazikuwa zake. Ni kweli, hazikuwa zake. Na yule mama wa Bukavu, aliyekufa akidhani ameachwa? Kwa huyo Zulaikha alitafuta mtu mwingine wa kumlaumu na hakumpata.

Patricie akaangalia saa ya ukutani. Daraja linafungwa saa kumi na mbili, na foleni siku za Jumatano si mchezo. Akaifunga picha kwenye kikaratasi, akamrudishia Shadia.

"Ikae na benzake," akasema. "Huko ndani ya kompyuta batoto bangu banaweza kumuona. Ila ile mustari ya chini, ya soko, naomba uifute. Si ya kweli, nafikiri. Acha wazi tu."

Akashika mkoba wake, akamsalimu Zulaikha kwa mikono miwili, akatoka. Zulaikha akabaki anautazama mlango. Kisha akavuta kigoda, akapanda, na kutoka kwenye msumari wa mwisho, nyuma ya magauni, akatungua koti la kijivu. Pini ilikuwa imeshika kutu, karatasi imekuwa njano. Akatoka nalo nje bila viatu, akapita mafundi wenzake waliokuwa wakiuliza kuna nini, akamkuta Patricie amekwishapanda nyuma ya pikipiki ya Habineza.

"Zima," akamwambia Habineza.

"Maman Shadia, leo unanidai nini tena?"

"Zima pikipiki!"

Akaizima. Patricie aliliona koti. Alinyoosha mkono, akashika mkono wa koti penye kifundo, akasoma jina kwenye ile karatasi, na uso wake ukawa kama wa mtoto aliyeamshwa ghafla.

"Hii... Maman. Hii iko ya Papa. Umetoa wapi hii?" Akashuka. "Papa alikuwa anaenda wapi ile siku?"

Watu walikuwa wanapita na mizigo yao. Zulaikha hakuinamisha macho.

"Alikuwa anakuja kuchukua koti lake," akasema. "Alilileta Alhamisi, nikamwambia Jumamosi. Jumamosi alikuja, sikuwa nimelishona, nikamwambia njoo kesho. Hakuwa na mwanamke hapa, mwanangu. Alikuwa na fundi mwongo. Na kazi yenyewe ilikuwa mfuko mmoja tu, dakika kumi."