Mgeni Asiyeulizia Mlango

Dada Mkubwa hakuwa mtu mbaya, hilo lisemwe mapema, maana mtaani wapo waliomsema mpaka midomo ikawakauka. Alikuwa amechoka tu. Banda la uani lilikaa miaka na miaka bila mtu, tangu mdogo wake alipogombana na baba yao, akabeba begi lake akaondoka bila simu wala salamu. Hata baba alipofariki hakuonekana. Dada alimkumbuka sana, ila alimkumbuka kwa hasira. Panya nao walishajifanya wenye banda. Basi akaamua alitengeneze, alipangishe kwa wale wageni wa siku mbili tatu wanaotafuta vyumba kwa simu.

"Na mwanangu akirudi?" mama yao aliuliza.

"Akirudi atalala sebuleni. Lakini Mama, anayetaka kurudi si angekuwa amesharudi?"

Mafundi wakaja, wakapiga plasta, wakajenga choo na bafu, wakapaka rangi nyeupe. Kitanda cha yule kijana, kilichokuwa kimebanwa pembeni chini ya dirisha, akapewa fundi rangi aende nacho. Kikaja kipya kipana, kikawekwa katikati ya chumba. Mlango peke yake ndio uliobaki wa zamani, eti wageni wanapenda vitu vya kale. Nao ulikwama vile vile. Kuufungua lazima uunyanyue kwa kitasa huku ukiupiga kisigino pale chini, na ndiyo maana watoto wa mtaa walimbandika mdogo wake jina la Kisigino. Kila mgeni alimpigia Dada simu akiwa amesimama nje na mizigo yake, na Dada alitoka akinung'unika, akamfungulia, akarudi akinung'unika.

Jumamosi moja alasiri akaja mgeni aliyejiandikisha kwa jina la duka la makochi. Ufunguo aliukuta kwenye kisanduku ukutani, kama wenzake. Dada alikuwa jikoni anakata vitunguu, simu ameiweka karibu, anasubiri ilie. Haikulia. Alisikia mlango ukinyanyuliwa, kishindo kimoja, basi.

Kule sebuleni mama aliinua kichwa. "Huyo ni mwanangu."

"Ni mgeni, Mama."

"Nenda ukamwangalie."

"Nikachungulie watu waliolipia chumba? Wataniandika vibaya huko."

Jioni ukaingia ujumbe: "Samahani, naweza kuja kuwasalimia wenyeji?" Dada akajibu huku anakoroga sufuria: "Pole, wageni hawaingii nyumba kubwa. Karibu sana." Alijiona amejibu kistaarabu kweli. Asubuhi mama akamwomba tena, naye akamwambia masikio ya uzee yasimsumbue.

Kabla ya chakula cha mchana mgeni alishaondoka, ufunguo umerudi kisandukuni. Dada akachukua ndoo na fagio akaenda kusafisha. Mlango ukamkwamia. Akaunyanyua, akaupiga kisigino, na hapo hapo akasimama, kitasa bado amekishika. Hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuufungua bila kuelekezwa.

Ndani, kile kitanda kipana kilikuwa kimesukumwa hadi pembeni, kimebanwa chini ya dirisha. Shuka zimetandikwa vizuri. Kisigino alikuwa amelala pale pale alipolala ujana wake wote, ng'ambo ya ua tu na mama yake, na aliyemkatalia kuingia ndani ni dada yake wa tumbo moja.

Akaipiga ile namba. Haipatikani. Akapiga tena na tena, kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akalia kwa sauti, fagio bado liko mkononi. Angetoka mara moja tu kuangalia. Mara moja tu, na vitunguu vyake mkononi.

Aliporudi, mama alikuwa amegeuza kiti chake kielekee mlango wa uani.

"Alikuwa yeye?"

Dada alitamani kudanganya, ulimi ukakataa. "Ndiye, Mama."

Mama akatikisa kichwa taratibu, wala hakumlaumu.

"Alikula?"