Kitabu Hakianzwi Tumboni

Mzee Yotamu alikileta kile kitabu ndani ya kipande cha gunia, kama mtu anayepeleka nyoka zahanati ili waone kilichomuuma. Hakuingia ndani. Alisimama uani kwa Damari, akakiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akajifuta mikono kwenye koti.

"Mama Tusajigwe, hicho ndicho wanachosomeshwa watoto wetu huko Iringa."

"Nakijua, mzee. Na wa kwangu anacho."

"Umekisoma?"

"Nimekiona."

"Basi kuona si kusoma. Ukurasa wenyewe nimeukunja. Ukiufikia utajua kwa nini sikulala."

Yotamu alikuwa kiongozi wa wazee wa kanisa katika usharika ule mdogo chini ya milima ya Uporoto. Binti yake Atuganile na Tusajigwe wa Damari ndio pekee kutoka hapo waliokuwa kidato cha nne, shule moja ya wasichana nje ya mji wa Iringa. Mwezi wa kumi na moja walikuwa na mtihani, na kitabu hicho cha hadithi kilikuwa ndani ya mtihani. Sasa walikuwa likizo ya Juni. Siku moja Atuganile alikuwa jikoni akicheka peke yake huku maharage yakiungua, baba yake akamnyang'anya kitabu, akakifungua alipofungua, akakutana na ukurasa wa sitini na moja.

"Jumapili baada ya ibada wazee tunakaa," alisema Yotamu. "Tunataka neno moja. Mabinti hawarudi mpaka shule ikiondoe. Mzazi atakayempeleka mwanawe, meza ya Bwana ataiona kwa mbali."

"Shule inafunguliwa Jumanne, mzee. Na mtihani?"

"Mtihani wa nani? Wa serikali au wa Mungu?"

Damari aliinama akaokota ganda la haragwe lililokuwa miguuni pake. Hakuwa mwepesi wa kujibu, na watu walimheshimu kwa hilo.

"Sasa mimi unaniletea kwa nini?"

Hapo Yotamu akatazama pembeni. Desturi ya baraza lao ilikuwa moja: hakuna anayehukumiwa kwa kunong'onwa. Hata mwizi wa mbuzi, kosa lake lilitajwa kwa sauti mbele ya wote, neno kwa neno. Kwa hiyo na kitabu kilipaswa kusomwa. Mchungaji Kalinga alikuwa na ukungu machoni, hakuona tena maandishi madogo. Na Yotamu mwenyewe alikuwa na wake za wanawe watatu ambao wangekuwa hapo hapo, na kwao Wanyakyusa mtu na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemezani, seuze amsomee maneno ya namna ile.

"Wewe umefika darasa la nne, na akina mama wa Jumatano unawaongoza wewe," alisema. "Tena ni mjane. Huna mume wa kumwonea haya."

Neno lile lilimchoma, lakini alilimeza. "Nitasoma, mzee," alisema.

*

Asichokijua Yotamu ni kwamba Damari alikuwa na hofu yake, na haikuwa ya kitabu.

Ilikuwa kamba ya nguo. Kila binti aliyekua alianika vitambaa vyake vya mwezi mwishoni mwa kamba, vimefunikwa kwa kanga, na kila mama alijua kuhesabu bila kuonekana ametazama. Likizo zote zilizopita Damari alivihesabu: vinne, wakati mwingine vitano. Likizo hii Tusajigwe alifika wiki ya kwanza ya Juni, na sasa ilikuwa wiki ya nne. Shuka zilianikwa, sare ya shule ilianikwa, soksi zilianikwa. Vitambaa hakuna.

Na binti mwenyewe alibadilika. Alikula kidogo. Mama yake akiingia, anainua macho kama anayesubiri kitu, kisha anayarudisha kwenye kitabu. Damari alimwomba Mungu asubuhi na jioni. Lakini kumuuliza binti, hakumuuliza. Mama yake Damari hakuwahi kumuuliza yeye mambo hayo, na bibi yake hakumuuliza mama yake. Mambo ya namna hiyo yaliangaliwa tu.

Jumamosi, Tusajigwe alipokwenda kuteka maji, Damari alikichukua kitabu cha binti, akatafuta ukurasa wa sitini na moja, akausoma kwa kidole. Ulikuwa na karani na ghala la ushirika, na mlango uliofungwa kwa ndani. Akaugeuza kwa haraka. Ukurasa uliofuata ulikuwa umepigwa mstari kwa penseli chini ya maneno haya: *Mama alijua, na mama hakusema.* Kando yake, kwa mwandiko wa Tusajigwe: *Kama mama.*

Akakaa juu ya kitanda. Ikiwa ni hivyo, shule imekwisha. Binti mjamzito hakubakizwa hata siku moja. Mzazi aliitwa, sanduku la bati likatolewa nje. Marehemu Mika aliuza ng'ombe wake wa mwisho ili binti huyu aende kidato cha kwanza, na hakuishi kumwona akivaa sare. Kichomi kilimchukua.

Kisha likamjia wazo lililomtisha kuliko yote. Baraza likikataza, Tusajigwe atabaki nyumbani kwa ajili ya imani. Hakuna atakayeuliza sababu nyingine. Aibu itafunikwa kwa neno la wazee, na Damari ataitwa mama mwaminifu. Ilihitajika tu kesho asome ukurasa mmoja, vizuri, kwa sauti ya kuchukiza.

Alisikia ndoo ikitua nje. Akakirudisha kitabu mahali pake, akatoka na fagio mkononi.

"Umerudi, mwanangu?"

"Nimerudi, mama."

Tusajigwe akamtazama, akangoja. Damari akafagia.

*

Jumapili baridi ilikuwa kali, ile ya upepo unaoshuka kutoka mlimani. Baada ya ibada watu hawakutoka. Wazee sita walikaa mbele, akina mama kushoto. Wake za wanawe Yotamu walitoka wakakaa nje chini ya dirisha, migongo ukutani, kanga zimefunika vichwa, kwa kuwa ibada ilikwisha na baba mkwe bado yumo. Tusajigwe na Atuganile waliwekwa benchi la nyuma kama washtakiwa.

Mchungaji aliomba, kisha Damari akasimama na kitabu cha Yotamu.

"Anzia palipokunjwa, mama," alisema Yotamu.

Damari alitazama ule ukurasa. Kisha akatazama benchi la nyuma, na Tusajigwe alikuwa anamtazama kwa macho yale yale ya kungoja. Akageuza karatasi zote akarudi mwanzo. Hata baadaye hakuweza kusema kwa hakika kama alifanya hivyo kwa haki au kwa woga wa kufika.

"Mzee, mimi nilifundishwa kusoma na wamisheni. Kitabu hakianzwi tumboni. Hata Ruthu hatumwanzii kwenye kiwanja cha kupuria, tunaanza na njaa ya Bethlehemu."

"Hii si Biblia!"

"Ndiyo maana naogopa kuikosea."

Bibi Juliana, mkongwe kuliko wote, aligonga fimbo chini. "Mwache asome, Yotamu. Au una mbuzi wa kumwahi?"

Watu wakacheka, na Damari akaanza.

Alisoma kama alivyojua kusoma, kwa sauti, kidole chini ya kila neno, akipumzika penye nukta. Hadithi yenyewe ilikuwa ya msichana wa kijiji cha mlimani na mama yake, na karani wa ghala aliyempimia mama mahindi kwa huruma na kumwangalia binti kwa jicho jingine. Ukurasa wa tano kulikuwa na mwenyekiti wa kijiji aliyelala mkutanoni, na wazee wenyewe wakacheka, maana kila mtu alimfahamu wa kwake. Kufikia wa ishirini mama mmoja benchini alikuwa anamsemesha yule karani wa kitabuni: "Koma, wewe! Umeshaacha mizani, unapima mtoto!" Walioketi mlangoni kwa nia ya kuondoka mapema walivuta miguu ndani.

Damari aliona kona iliyokunjwa ikisogea. Alipoufikia ukurasa wa sitini na moja aliusoma kama ulivyo, hakuupamba wala hakuupunguza. Ilikuwa mistari minne tu. Mlango wa ghala ukafungwa. Msichana akamwita mama yake. Mvua ikanyesha juu ya bati, sauti isisikike.

Damari akainua macho.

"Mmesikia!" Yotamu akainuka. "Ndicho hicho. Basi, inatosha, tuamue."

Ndipo sauti ya mwanamke ikaingia dirishani kutoka nje. "Je, alifika nyumbani?"

Yotamu akafunga mdomo. Ilikuwa sauti ya mke wa mwanawe mkubwa. Kumkemea, lazima amsemeze. Na kumsemeza ni mwiko. Alimgeukia mchungaji ili amkemee kwa niaba yake, lakini mchungaji alikuwa ameshika shavu, macho yake yenye ukungu yamemwelekea Damari.

"Tunauliza tu," ikasema sauti ya pili, ya mke wa mwanawe wa pili. "Alifika?"

"Jibu, Yotamu," alisema Bibi Juliana, na watu wakainamisha vichwa kuficha vicheko.

Damari akageuza ukurasa. Alijua kilichopo, lakini kukijua kwa macho na kukisema kwa kinywa chako mbele ya watu si sawa. Akasoma: msichana alifika nyumbani. Mama alimwona amelowa, akampa nguo kavu. Mwezi ukapita, na wa pili. Mama akaitazama kamba ya nguo kila siku, akahesabu, akakosa. *Mama alijua, na mama hakusema. Alingoja mtoto aseme, na mtoto alingoja mama aulize, na nyumba ile ikajaa kungoja.*

Kidole kilisimama na sauti ikakatika. Watu walidhani ni uchovu.

"Maji, mama?" mtu akauliza.

Damari alikifunga kitabu, akashuka katikati ya mabenchi, mbele ya baraza zima, akafika nyuma. Akamshika Tusajigwe mkono, akatoka naye mpaka kwenye miti ya uzio, mahali upepo unapochukua maneno.

"Mwanangu. Una mimba?"

Neno lilimtoka kama jino. Tusajigwe alimwangalia.

"Hapana, mama."

"Usinifiche. Wiki ya nne sijaviona."

"Navianika nyuma ya banda la nguruwe." Machozi yakaanza. "Likizo zote nilikuona unahesabu. Hukuniuliza kitu hata kimoja, hata nilipovunja ungo nilifundishwa na Atuganile. Tuliposoma kile kitabu, mwalimu akatupa swali twende nalo likizo: mama huyu alipaswa kufanya nini? Sikuwa na jibu. Nikasema nitavificha, nione wangu atafanya nini."

Damari alitaka kumpiga na kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alivua kanga ya mabegani akamfunika, kwa maana binti alikuwa anatetemeka.

"Siku ishirini na tano," alisema. "Umeniua siku ishirini na tano."

"Na mimi nilikuwa nakufa, mama."

Waliporudi jua lilikuwa limeinama. Bibi Juliana alikuwa anawaambia wazee, "Mficha uchi hazai," nao wazee hawakukubaliana. Wawili walisema kitabu kinaonya. Watatu walisema kinafundisha uasherati. Yotamu alisema neno lake halibadiliki, naye ndiye aliyeshika orodha ya wanaokaribia meza ya Bwana.

*

Jumatatu alfajiri Damari alijitwika sanduku la bati hadi Uyole, yanakopita mabasi ya Iringa. Jumapili inayokuja ilikuwa ya meza ya Bwana, na tangu abatizwe hakuwahi kuikosa, hata mwaka aliomzika Mika.

"Ukifika, jibu swali la mwalimu," alimwambia binti.

"Nitaandika nini?"

"Andika kwamba angeuliza. Hata kama anaogopa jibu."

Yotamu alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. Nyuma yake alikuwa Atuganile, mikono mitupu, macho yamevimba. Yotamu akavuka peke yake.

"Jumapili utakaa nyuma, Mama Tusajigwe."

"Nimesikia, mzee."

"Unajua unachokitupa?"

"Najua. Ndiyo maana sikulala."

Yotamu alitazama sanduku, kisha barabara. "Nirudishie kitabu changu."

"Kipo nyumbani, sijakimaliza. Wake za wanao wamesema Jumatano watakuja kupukuchua maharage kwangu, nami niwasomee palipobaki. Ukitaka kuwakataza, mzee, waambie mwenyewe kwa kinywa chako."

Basi lilitokea kwenye kona likipiga honi. Tusajigwe alikimbia kwanza ng'ambo, akamshika Atuganile mikono yote miwili. "Nitakunakilia kila kitu," alimwambia. "Kila somo. Nitatuma kwa basi." Atuganile akaitikia kwa kichwa tu.

Sanduku likapandishwa juu, na binti akaingia. Damari alilifuata basi kwa macho mpaka lilipopotea. Alipogeuka, Yotamu alikuwa amekwisha kushika njia ya mlimani. Atuganile alimfuata hatua kumi nyuma, akigeuka kila mara kutazama barabara.

Damari aliharakisha mpaka akawa sawa naye. Aliogopa, kwa maana baba wa binti alikuwa karibu. Hata hivyo akauliza, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika:

"Na wewe, mwanangu, unaendeleaje?"