Gari la Kumpeleka Ghaya

"Baba, hilo gari sipandi," alisema Ghaya, hina imempanda hadi viwikoni. "Jana ulinipeleka mjini Ibra, tukayumba lami nzima. Kesho nitapelekwa na ami Mhanna."

Suwaid aliona heri angepigwa kofi. Binti yake wa pekee apelekwe kwa mumewe na Mhanna! Mhanna mjumbe wa baraza, yule wa "daraja linakuja, ndugu yangu," mwaka wa tisa huu. Mama yake Ghaya alikata roho upande huu wa wadi, korongo la mafuriko, maji yamefunga njia ya hospitali, na wakubwa wako mjini wanakata utepe wa bustani. Ndiyo maana Suwaid alilinyanyua gari lake inchi nne, akachomeka springi ndefu kwa mikono yake, akaapa maji hayatamzuia tena. Mchangani, matairi yakiwa yamepunguzwa upepo, lilipanda vilima kama mbuzi. Kwenye lami likawa linajichagulia njia lenyewe.

Asubuhi hiyo hiyo akalipeleka kwa Dilmurad, fundi Mbaluchi. Dilmurad akajipenyeza uvunguni na pimamaji lake, akatoka anacheka.

"Baba Ghaya, springi hizi kakufungia nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Nilijua tu ni mtu asiyekutakia mema. Umeinua mwili, miguu umeisahau! Uma wa baiskeli si umelala? Ndiyo maana mtu huachia mikono na baiskeli ikaenda. Ekseli yako nayo ilikuwa imelala nyuma kidogo. Ulipoinua gari, ikajiviringisha, ikasimama wima. Usukani utarudi vipi katikati?"

"Sasa?"

"Tunatia bushi, zile pete za mpira za ekseli, zenye tundu lililokaa pembeni. Zitailaza tena."

Kazi ikawachukua hadi adhuhuri. Suwaid akatoka kulijaribu, nusura awavae ngamia wa watu. Akarudi midomo imemkauka.

"Limezidi! Unataka kuniua, Dilmurad?"

Fundi akachungulia chini. Akajipiga paji la uso.

"Nimezifunga nyuma mbele."

"Wewe nawe ugombee baraza! Unawafaa!"

Wakacheka mpaka Suwaid akashikilia bampa asianguke. Tangu msiba hakuwa amecheka hivyo. Wakazing'oa bushi, wakazigeuza, wakazigandamiza upya, jasho linawatiririka. Safari hii alikata kona, akalegeza vidole, na usukani ukarudi katikati wenyewe. Akapiga honi peke yake barabarani kama mwendawazimu.

Kesho yake alasiri, Mhanna alikuwa keshafungua mlango wa gari lake jeupe linalonukia udi. Ghaya akawatazama wote wawili.

"Baba, nizungushe kwanza mpaka msikitini. Likiyumba hata shubiri, nashuka."

Wakaenda, wakarudi. Ghaya hakushuka.

"Ami, utatufuata," alisema dirishani, na wanawake wakapiga vigelegele.

Msafara ukaondoka. Bibi harusi hakuwa amelala siku tatu kwa ngoma na wageni. Kabla hawajafika nusu ya njia, kichwa kikaegemea kioo, usingizi ukamchukua. Suwaid akapunguza mwendo. Nyuma yake Mhanna akapiga honi, akapiga tena.

"Ngoja," Suwaid alinong'ona, anatabasamu. "Sisi tumengoja miaka tisa."