Anayeitika Kisimani

Mimi ndiye binti anayetembeza wageni kijijini, na kwa domo sijambo. Kwenye jiwe kubwa nawaambia jitu lilikalia hapo likaacha alama ya makalio. Kwenye mti uliopigwa radi nawaambia washike gome na kunuia jambo. Uongo mtupu, lakini haumuumizi mtu.

Kisima ni habari nyingine. Humo ndimo alimozama mdogo wangu, Kidoti, tukiwa watoto. Siku ile mama alimwita mpaka sauti ikamkauka. Sasa kimefunikwa kwa zege, na kamati ya matembezi imesimamisha kibao: mwite Kidoti, usikilize. Nilikuja juu. Mwenyekiti akanijibu kwamba kituo bila mzuka hakina mvuto. Mama aliinuka tu akaingia ndani.

Kundi la kwanza likaita. Kichaka nyuma ya kisima kikajibu, "Abee." Wageni walitimua mbio huku wakicheka. Mimi nikapenya kichakani, nikamkuta mama amechuchumaa, ameziba mdomo kwa kitambaa.

"Mama, unafanya nini huku?"

"Wanamwita mwanangu," alisema. "Aitwe na watu wazima, asiitike? Sikumlea hivyo."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimsihi aache, akaniambia nishike njia yangu na majitu yangu. Basi akawa ananitangulia kila asubuhi, umande haujakauka, na sifa za kisima zikaenea. Mwenyekiti akatembea kifua mbele.

Baridi ya kichakani ikamwingia mama kifuani. Leo ameshindwa kuinuka. Nilipokuwa nafunga viatu aliuliza nani yuko kule. Nikamwambia alale, ule ni mchezo tu. Akageukia ukutani.

Kisimani wageni waliita. Kimya. Wakaita tena, wote kwa pamoja, na kimya kilichofuata nilikitambua: ndicho kile cha siku ile, mama amesimama hapa hapa, anasubiri. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mzuka wowote. Mgeni mmoja akanong'ona kwamba wamedanganywa, wakaanza kugeuka waende zao.

"Abee," niliitika, nimesimama mbele yao, machozi yananitiririka.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja mtu mzima alivua kofia yake.